Ombi la Kuandikwa Kwenye Faili la Kuamshia Mashine

Kwa Mkuu wa Karakana,
Chumba cha juu, mlango wenye kioo kilichopasuka.

Mheshimiwa Mkuu,

KUHUSU: HESHIMA INAYOPEWA MODEMU NA KUNYIMWA MIMI

Salamu kwanza, maana hata mwenye hasira hana ruhusa ya kuingia kwa watu bila hodi. Ningekupa shikamoo, ila nimekuzidi miaka tisa, na nikisubiri uniamkie wewe barua hii haitaanza. Basi nakusalimu kwa cheo chako, nawe unisalimu kwa mvi zangu, tuwe sawa.

Mimi ndiye yule wa meza ya dirishani, mwandishi wa faili la kuamshia mashine. Wenzangu wananiita Bwana Ngoja, na wewe mwenyewe nilikusikia ukiniita hivyo kwenye ngazi, sikukasirika. Nimeipata barua yako ya onyo la mwisho. Inasema nimeandikwa "hayupo" mara kumi na moja mwezi huu, na kwamba Ijumaa mtakaa kikao kuamua kama nihamishiwe ghalani, zamu ya alfajiri. Mkuu, nikienda zamu ya alfajiri baba yangu hatakuwa na mtu wa kumwamsha. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine yote humu ndani ni maelezo.

Najua karatasi zetu unazisaini bila kuzisoma, na si kosa lako, ni nyingi. Kwa hiyo niruhusu nikueleze ninachofanya hapo dirishani zaidi ya kuota jua. Vile visanduku vyetu vyeupe, vinavyokaa juu ya friji za dawa kwenye zahanati, vikiona joto limepanda hupiga simu kuomba msaada. Kinachopiga simu ni modemu, kidude kisichozidi ukucha wa dole gumba. Umeme ukikatika na kurudi, mfumo endeshi wa kisanduku hufungua faili langu na kusoma: humu ndani kuna modemu, nayo huamshwa hivi. Kwanza ipewe umeme. Isubiriwe mpaka umeme utulie. Kisha ipewe mapigo ya saa yake. Isubiriwe tena. Hapo ndipo iachiwe ile pini ya riseti inayoishikilia, isubiriwe milisekunde mia mbili, halafu iulizwe jina lake. Ukiiuliza kabla ya hapo, haijibu. Na mfumo endeshi, ambao hauna utu, huandika kwamba modemu haipo. Ipo pale pale, imelehemiwa miguu yote arobaini! Lakini imeshaandikwa haipo, na dawa zitaharibika huku yenyewe imekaa ndani, nzima kabisa, kimya.

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yangu ni haya.

1. Kuandikwa sipo hali nipo. Karani wa Mahudhurio hufunga daftari saa mbili na dakika tano. Siku nne kati ya hizo kumi na moja nilikuwa getini, mbele ya macho yake, nafunga baiskeli mnyororo. Nilimpungia mkono. Akanipungia na yeye, kwa mkono ule ule wenye kalamu nyekundu, kisha akaandika. Nilipomuuliza akanijibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikamwuliza matumbo ya nani, maana yangu hayajaona kitu tangu jana. Mkuu, mfumo endeshi tunausamehe kwa kuwa hauna macho. Karani ana macho mawili na miwani juu yake.

2. Mkutano wa asubuhi. Saa mbili na dakika tatu tunaulizwa maswali, na watu bado hata sauti hazijatoka. Dada Risasi, fundi wetu wa kulehemu, hunijibu "ee" kwa kila kitu mpaka saa tatu. Wiki iliyopita alisema "ee" alipoulizwa kama karakana imeungua. Na wewe, Mkuu, nisamehe, heshima yako iko pale pale, lakini Jumanne ile uliidhinisha makasha mia sita yasiyo na tundu la antena. Ulikuwa hujanywa chai. Sisi sote tulikuona hujanywa chai, na hakuna aliyeandika popote kwamba usiulizwe.

3. Hesabu. Hapa naomba ukae vizuri kwenye kiti. Modemu ina uzito wa gramu nne, nayo inasubiriwa milisekunde mia mbili, ambazo ni milisekunde hamsini kwa kila gramu. Mimi nilipimwa zahanati mwezi uliopita, kilo sabini na nane bila viatu. Kwa kiwango hicho hicho, bila upendeleo, ninastahili kusubiriwa kwa saa moja na dakika tano kila asubuhi, kuanzia saa mbili kamili. Nikichelewa sana ninafika saa mbili na nusu. Maana yake kila siku nawasamehe angalau dakika thelathini na tano, na sijawahi kusikia mtu akisema ahsante. Mnene wa stoo, kwa kiwango hicho, asingefika kabla ya saa nne kasorobo, na yeye huwahi kila siku. Huyo naye mwulizeni ana nini.

4. Baba. Hili si la mzaha, ingawa najua kwamba baada ya hesabu ile ni vigumu kuniamini.

Baba ana miaka themanini na mbili. Tangu mama atutoke, mwaka wa tatu huu, tunaishi wawili, na asubuhi yake ina mpangilio kuliko modemu yoyote niliyowahi kuandika. Kwanza nafungua pazia, nusu tu. Nasubiri. Anafumbua jicho moja. Nampa miwani. Nasubiri. Nawasha redio, sauti ya chini. Taarifa ya habari ikifika kwenye hali ya hewa anafumbua la pili. Maji ya vuguvugu, nusu glasi. Hapo nasubiri dakika kumi nzima, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda, nina kikombe changu mkononi, namtazama anavyotazama dari. Wakati mwingine ananisimulia ndoto, wakati mwingine ananiuliza kazini kukoje na mimi namwambia. Halafu ndipo namwamkia, shikamoo baba, na nikisikia ile marahaba imetoka kifuani, si kooni, najua sasa anaweza kusimama.

Mwezi wa nne uliitisha mkutano wa mapema, saa moja na nusu asubuhi. Nikaruka hatua. Nikafungua pazia lote kwa mkupuo, nikasema shikamoo baba, amka, nimechelewa, nikamshika mkono. Akasimama, akaenda chini kati ya kitanda na kabati. Hakuvunjika, Mungu mkubwa, ila mkono ulivimba wiki mbili. Kisha akaniomba msamaha, yeye, kwa kunichelewesha. Nilienda jikoni nikalia huku nikijifanya naosha vikombe. Mkutano wenyewe, kama unakumbuka, ulihusu rangi ya kibandiko.

Tangu siku hiyo siruki hatua, na ndiyo maana nimeandikwa sipo. Mwenda pole hajikwai, wanasema, lakini hawasemi kwamba huandikwa kwa wino mwekundu.

5. Kwa sababu hizo, naomba watumishi wote tuingizwe kwenye faili. Mkuki kwa nguruwe tusiufanye mtamu. Kinachotendewa modemu kitendewe na binadamu. Nimeandaa rasimu, utaiona imebanwa nyuma ya barua hii. Mimi nimejiandikia hivi: apewe kiti, asubiriwe mpaka saa mbili na nusu, ndipo aulizwe jina. Dada Risasi: aachwe atafute kigoda chake, akikose, alalamike, akipate, ndipo aguswe. Mlinzi wa geti: asalimiwe kabla ya kuombwa kufungua, vinginevyo kufuli hukwama, jambo ambalo limethibitishwa mara nyingi. Karani wa Mahudhurio: kalamu nyekundu ashikiwe na mtu mwingine hadi saa tatu. Na wewe mwenyewe: chai kwanza, simu mwisho. Kati ya chai na simu nimekuwekea dakika ishirini. Usinishukuru.

Hili likikubalika sioni kwa nini tuishie watumishi. Wateja nao waamshwe kwa mpangilio, ndipo wapewe ankara. Wakaguzi wakija wawekwe kwenye benchi mpaka watulie. Mwenyekiti wa Bodi, ambaye huingia akiwa tayari anafoka, ni dhahiri kwamba kuna mahali anaachiwa riseti kabla umeme haujatulia, na nadhani ni kwenye gari. Dereva wake apewe nakala.

6. Jioni. Modemu haizimwi ovyo. Kwanza maswali yanasimamishwa, kisha inashikiliwa riseti, inanyimwa mapigo, na umeme ndio unakatwa mwisho. Kinyume cha asubuhi, taratibu, kwa adabu. Sisi je? Saa kumi na moja mlinzi anazima taa zote kwa kiganja kimoja, mimi nikiwa katikati ya sentensi. Juzi nilishuka ngazi nikiwa nimemshika bega mtu ambaye mpaka leo sijui ni nani.

Najua kuna watakaosema kikaoni kwamba kusubiri ni uvivu uliovaa tai. Sawa. Kama ni uvivu, basi uwe uvivu kwa wote, na nifute kila mstari wa kusubiri kwenye faili, modemu nayo iamke kama sisi: umeme, swali, "haipo", ghalani. Tutaokoa karibu nusu sekunde. Sitafanya hivyo, Mkuu, na unajua sitafanya, kwa sababu zile friji zina dawa za watoto. Nilitaka tu uone kwamba katika jengo hili zima kitu pekee kinachosubiriwa mpaka kiwe tayari ni kile nilichokiandikia mimi. Naomba nusu saa. Naiomba kwa ajili ya mzee asianguke tena. Mkininyima hiyo mtakuwa mmenilazimisha kuchagua kati ya kazi ninayoipenda na mtu mmoja niliyebaki naye, na hapo mimi sina haja ya kikao kujua nitachagua nini.

Nisalimie wote wa chumba cha juu. Nisalimie Dada Risasi ukimpata baada ya saa tatu, Mnene wa stoo, mlinzi, na mama anayetupikia chai, ambaye ndiye anayetuamsha kweli. Hata Karani msalimie. Najua ana watoto watatu na wote huamka kwa kelele, maskini, labda ndiyo sababu.

Wako, niliyepo ingawa daftari linakataa,

Mwandishi wa faili,
Meza ya dirishani.

Viambatisho: rasimu ya faili la watumishi, kurasa tisa.

Tanbihi: Mkuu, barua hii ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha. Bahati mbaya baba alikuwa karani wa posta miaka thelathini na moja, na hakuna bahasha inayobandikwa nyumbani kwetu kabla hajaona kilichomo. Ameisoma mara mbili. Amevua miwani, amecheka mpaka nikamletea maji, kisha ameniambia mambo ambayo inanibidi niyaandike, kwa kuwa kwenye karatasi rasmi siwezi kusema uongo.

Anasema yeye huamka saa kumi na moja kamili alfajiri, kila siku, miaka yote. Huenda msalani mwenyewe, hunywa maji mwenyewe, huchungulia dirishani kuona nani kapita. Akisikia kitanda changu kinalia hurudi mbio kujifunika. Siku ile alianguka kwa sababu alikuwa amejifunika huku makubazi yangali miguuni, na shuka likamnasa. Alianza mchezo huu mama alipofariki, maana aliona natoka nyumbani kila asubuhi nakimbia, sina chai tumboni wala neno mdomoni, na akaona njia pekee ya kunikalisha chini ni yeye kujifanya bado hajaamka. Muda wote huo alikuwa ananisubiri mimi.

Katika kazi yetu kosa hili lipo. Unaandika kidude cha kwanza kimsubiri mwenzake, na mwenzake amsubiri yeye. Vyote vizima, umeme upo, na kisanduku kinakaa giza siku nzima. Nimelirekebisha mara nyingi sana pale mezani, na nyumbani kwangu nimelala nalo miaka mitatu.

Basi yale maombi yote yafute, pamoja na kurasa tisa. Kesho saa mbili kasorobo nitakuwa kwenye meza yangu. Ila baba ameniambia niongeze mstari mmoja, na sasa hivi amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha nauandika. Anauliza kama ile nusu saa bado inaweza kupatikana, walau mara moja kwa wiki. Si ya kumwamsha. Ni ya kukaa naye.