Kaingu wa Tezo na Mkia wa Ndege wa Muyeye

Enyi watu wa Malindi na Mambrui, na ninyi wa Kilifi mnaojiona mko mbali, wekeni chini mlichoshika mkae kitako, kwani hapa inasimuliwa habari ya vita vikuu vilivyoitikisa pwani nzima. Vita vyenyewe vilikuwa vya sambusa sita.

Ilikuwa Disemba ya mwaka 1984, siku ya maulidi nyumbani kwa Bi Kaltuma, malkia wa Muyeye, mwenye sauti ya kuvuka mitaa mitatu bila kipaza. Juu ya mnazi wake alikuwa Kaingu wa Tezo, mkwezi wa wakwezi, simba wa makuti, akiangua madafu ya wageni. Kabla ya kupanda alipiga ukelele, kama ilivyo ada ya wakwezi, ili wanawake wa nyua za jirani wajisitiri. Na alipofika kileleni aliyaelekeza macho yake mbinguni, asije akachungulia ua wa mtu. Ada hiyo aliishika miaka ishirini, na kwa miaka hiyo ishirini akawajua ndege wa angani kuliko anavyowajua shemeji zake.

Bi Kaltuma alikuwa amempa na ulinzi wa sinia la sambusa lililokaa juu ya ukuta: akimwona mwewe, apige kelele. Kumbe, ghafla, sinia likaonekana lina pengo. Sambusa sita hazipo, na kipande cha ndimu hakipo. Papo hapo mjukuu wa Bi Kaltuma, kijana wa shule ya bweni, mtanashati, mwenye adabu na elimu isiyo kifani, akanyoosha kidole juu na kutangaza kwamba ni mwewe. Na kweli ndege alikuwa akizunguka.

Bi Kaltuma akamtangazia Kaingu kutoka chini kwamba tangu kesho minazi yake itapandwa na Dena. Dena, aliyekwama juu ya mnazi mpaka akaletewa ngazi! Moyo wa shujaa ukachomwa kwa mkuki. Akateremka, akafuta jasho, akasimama katikati ya ua kama amiri mbele ya jeshi.

"Bi Kaltuma," akasema, "ua wako sikuuona, maana si halali yangu kuuona. Lakini mbingu nimeziona. Yule si mwewe, yule ni kipanga."

Kijana msomi akajibu kwa hotuba ndefu, kwamba yeye yuko kidato cha pili, kwamba wenye kucha wote hufanana wakitazamwa kutoka chini, na kwamba mkwezi si mwalimu wa sayansi.

"Tazama mkia, bwana mdogo," Kaingu akamwambia taratibu. "Mwewe mkia wake una panda kama wa nguru, na huupinda huku na huku kama mshika usukani. Huyu wake umenyooka, na mbawa zake zimechongoka. Tena mwewe huokota hata kichwa cha samaki jaani, lakini kipanga hali ila alichokiua mwenyewe. Sasa Bi Kaltuma, sambusa zako zilikuwa hai?"

Majeshi ya wapishi yakaweka viganja juu ya nyusi. Ndege akageuka, akautandaza mkia, nao ulikuwa umenyooka kama uliokatwa kwa mkasi. Kisha akajitupa chini kama radi, akapita juu ya sinia bila kulitupia jicho, akamnyakua shomoro nyuma ya jiko na kutokomea.

Bi Kaltuma akamgeukia mjukuu wake.

"Haya, baba, hata angekuwa mwewe. Ndimu aliichukulia nini?"

Mkono wa malkia ukaingia mfuko wa kanzu nyeupe ya kijana, mfuko uliolowa mafuta, ukatoka na ganda la ndimu lililokamuliwa likakauka.

Vigelegele vikapanda mpaka minazini. Kaingu akarudishiwa minazi yote, akapakuliwa sambusa ya kwanza kabla ya masharifu, na siku hiyo ikaingia katika tarehe ya Muyeye. Dena hadi leo hapandi pale.

Nana Kaltuma ameamuru habari hii iandikwe na yule msomi, kisha Kaingu asomewe mbele ya watu. Basi nakiri: kijana mtanashati ni mimi, Badi. Na kwa kuwa tumeshafika kwenye ukweli, Nana, hazikuwa sita. Zilikuwa saba, ila moja hukuihesabu.