Uzinduzi wa Tatu wa Proksi, Soko la Kwa Fakihi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye pia ni mimi, diwani wenu, baada ya aliyealikwa kupata udhuru. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa. Mashehe, wachungaji, mastekiholda wote wa soko letu hapa Buguruni, na nyie mliopanda juu ya makreti ya soda. Wazee wangu, shikamooni! (Marahaba, kwa uchovu.)

Leo tunazindua, kwa mara ya tatu, Mfumo Jumuishi wa Vibali vya Meza, ulioandikwa kwa JavaScript ya upande wa seva, yaani kompyuta mama iliyomo ndani ya boksi hili mbele yenu, siyo ile ya kuchezesha picha kwenye simu zenu. (Makofi, meza kuu.) Mfumo huu, ili uhakiki vitambulisho vyenu, sharti utoke nje kwenye intaneti, na kutoka sharti upitie proksi, ambayo kwa lugha nyepesi ni kama sekretari wangu: hunioni bila kupita kwake. ("Hata tukipita hatukuoni!" Kicheko.) Changamoto ni kwamba programu ya namna hii haimjui sekretari mpaka iandikiwe anwani yake, ndiyo maana mie binafsi niliongoza wataalamu kumi na wanne kwenda semina Bagamoyo kuiandika hiyo anwani, ambayo ni mstari mmoja, na utekelezaji umefikia asilimia tisini na nane nukta sita. (Miluzi.) Tumeweka pia, kwa uwazi, orodha ya wale wa ndani wasiolazimika kupita kwa proksi. ("Shemeji zako!") Siyo wote.

(Jokha, muuza vitumbua, anasimama: "Mheshimiwa, kibali changu kinaisha leo, kesho asubuhi mgambo wanabeba meza. Nakatiwa kingine au sikatiwi?")

Swali zuri sana, mama yangu, nalipokea kimkakati. Kibali utakipata humo humo kwenye mfumo, kidijitali. ("Lini?") Kwa wakati muafaka. ("Vitumbua navyo niviuze kidijitali?" Vigelegele.)

Proksi hoyee! (Hoyee ya watu wanne.) Seva salama, soko salama! (Anajipigia makofi mwenyewe.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Bwana Hashil wa duka la friji kwa kutuazima hili boksi tulilolizindua kama seva; vijana, libebeni bila hofu, halina kitu. Namshukuru mtaalamu atakayeandika programu yenyewe, tutakapompata. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mama Jokha, ambaye boksi limekaa juu ya meza yake: mama, usihangaike kuirudisha nyuma, mgambo wamesema kwa vile ipo hapa mbele, wataanza na hiyo.