Kiti cha Kupitisha Hamu

Serikali ilitangaza Jumatatu asubuhi, mbele ya waandishi wa habari na maua ya plastiki, kwamba umaskini umepatikana pale ulipokuwa umejificha. Haukuwa kwenye mishahara wala kwenye bei. Ulikuwa ndani ya vifua vya wananchi, ambao hununua vitu wakiwa na furaha, wakiwa na huzuni, wakiwa wamekasirishwa na mume, au kwa sababu tu jirani kanunua. Aliyeugundua ni Mkurugenzi wa Idara ya Hisia za Matumizi, na dawa yake ilikuwa kiti.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila duka liweke kiti mlangoni. Anayetaka kununua akae kwanza, na afisa wa kiti ateleke birika. Maji yakichemka, afisa aulize: "Bado unataka?" Akisema bado, hiyo ni haja, auziwe. Akiinuka akaenda zake, ilikuwa hamu tu, na huyo ahesabiwe kuwa ameokolewa. Birika lilichaguliwa baada ya kamati ya muda kushindwa kukubaliana juu ya dakika.

"Na hatutambagua mtu," Mkurugenzi aliongeza, makofi yakiwa yameshampanda kichwani. "Hata Serikali yenyewe, kabla ya kununua chochote, itakaa."

Maneno hayo hayakuwemo kwenye hotuba. Yalishangiliwa kuliko yote, yakaingizwa kwenye waraka siku hiyo hiyo.

Viti alivichagua mwenyewe. Muuza samani alimtajia bei iliyomfanya ashike ukuta, kisha akaikata nusu kwa heshima ya cheo chake. Mkurugenzi akaona ameiokolea Serikali nusu nzima, na kwa kuwa kuokoa kuna utamu wake, akaagiza viti mara mbili ya vilivyohitajika ili aokoe zaidi. Vilikuwa vya ngozi laini, vyenye mto wa mgongo na mahali pa kuegemeza mikono.

Tuseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye nyumba isiyo na paa. Kuta zilikuwa zimesimama, madirisha yametiwa nondo, na magugu ya sebuleni yamefika kiunoni. Yeye, mkewe na watoto walibanana chumba cha uani kwa mama mkwe, ambaye kila mvua ikinyesha aliuliza, kwa upole sana, mabati yamefikia wapi. Mkataba wa kazi ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Akiongezewa, paa linapanda. Asipoongezewa, atazeeka na lile swali.

"Lakini zile posho za safari si zingetosha mabati?" mkewe alimuuliza jioni moja, akikunja nguo.

"Posho si mshahara, mama watoto. Mshahara ndio wa kujengea. Posho ni ya kutumia."

"Hazitoki benki moja?"

"Zinatoka benki moja, ila zinaingia moyoni kwa milango tofauti. Ni mambo ya kitaalamu hayo."

Mkewe alimtazama kama mtu anayeangalia sufuria linalovuja. "Haya, mtaalamu," akasema, akaendelea kukunja.

Mwezi ukiwa katikati, Mkurugenzi alikwenda kukagua mtaa wa maduka. Mbele ya duka la viatu alikuta foleni ndefu, akafurahi kupita kiasi. Kitini alikaa mama mjamzito, amefumba macho. Nyuma yake alisimama mlinzi aliyetoka lindo, fundi bomba na begi lake la spana, na babu mmoja aliyekuja na gazeti.

Birika likachemka. "Bado unataka?" afisa akauliza.

"Nini?" Mama akafumbua macho.

"Viatu."

"Viatu gani tena, kaka yangu? Nilikuwa napumzisha mgongo. Asante." Akajikongoja akaenda zake.

"Ameokolewa," afisa akatamka, na mlinzi akakaa.

Mwenye duka alitoka nje akiwa na kitambaa cha kufutia vumbi. "Mheshimiwa, tangu kiti hiki kije sijauza hata kandambili. Wenye shida ya viatu hawapati nafasi ya kukaa."

"Lakini umeona watu wangapi wanaokolewa mlangoni kwako?"

"Na mimi ataniokoa nani?"

Mkurugenzi alilitafakari swali kwa uzito wake. "Panga foleni," akamshauri.

Ripoti ya mwezi ilionyesha kwamba waliookolewa ni wengi kuliko wakazi wa mji, na Wizara ikasifu lengo kuvukwa. Ndipo Mkurugenzi akaitwa kwa Katibu Mkuu. Mama huyo alikuwa na uso wa bashasha, mkataba mezani, kalamu mkononi.

"Kwa kazi hii," alisema, "hata sina la kufikiri. Nasaini sasa hivi."

Mwanasheria wa Wizara akakohoa. "Samahani, Mama. Kuongeza mkataba ni kununua huduma, na waraka unasema Serikali itakaa kwanza."

Wote wakamgeukia Mkurugenzi. Angeweza kusema lolote. Lakini sifa zilikuwa bado za moto. "Akae," alisema. "Tena birika mlijaze mpaka juu, wasije wakasema tumependeleana."

Kikaletwa kimoja cha vile viti vya ziada, Katibu Mkuu akaketi, ngozi laini ikampokea. Kwanza alimtabasamia Mkurugenzi. Kisha akaangalia dari. Kisha akavua viatu.

"Hivi kazi yako hasa ni ipi?" akauliza.

"Kuratibu hisia, Mama."

"Kabla yako tulikuwa hatuna hisia?"

"Tulikuwa nazo, ila hazikuratibiwa."

"Ahaa." Birika likaanza kunong'ona. "Na viti hivi, tulikaa kabla ya kuvinunua?"

"Tungekaa kwenye nini, Mama? Viti vilikuwa havijafika."

Katibu Mkuu akaegemeza mikono. Maji yalichukua muda wake, na Mkurugenzi akawa anayaombea kimoyomoyo. Hatimaye yakachemka.

"Bado unataka?" mwanasheria akauliza.

"Ajabu," alisema Katibu Mkuu, akijisikiliza kifuani. "Imepita kabisa." Akainuka, akamshika Mkurugenzi mkono kwa shukrani ya dhati. "Dawa yako ni kiboko. Nimeokolewa."

Wakapiga makofi. Mkurugenzi naye akapiga, kwa mazoea.

Gari la Serikali likabaki ofisini, akatembea kwa miguu. Ilipofika mbele ya duka la viatu miguu ikakataa. Akapanga foleni, zamu yake ilipofika akakaa. Kuukosa mkataba kulimuuma, na hakuficha.

"Unataka nini?" afisa akauliza, akiteleka birika.

"Mkataba."

Maji yakachemka. "Bado unataka?"

"Bado. Kuliko mwanzo."

Afisa alimchunguza usoni. "Hiyo ni haja ya kweli," akathibitisha. "Ruksa kununua."

Mkurugenzi akamgeukia mwenye duka.

"Mikataba sina," mwenye duka alisema, akiangalia wingu lililokuwa linajikusanya. "Nina mabuti ya mvua." Akataja bei iliyomfanya Mkurugenzi ashike ukuta. "Lakini kwa heshima yako, nakukatia nusu."

Kwa kuwa alikuwa ameshakaa, hakuna aliyemzuia. Alichukua jozi mbili ili aokoe zaidi, moja yake na moja ya mama mkwe, akalipa kwa posho.