King'ora cha Fondo

Uhuru ulipofika kwetu Kwale ulikuja na mengi: bendera, wimbo, na hofu ya kulipuliwa. Nani angetaka kutulipua sisi, watu wa mihogo na nazi, hakuna aliyeuliza. Serikali ilitoa fedha za kujiandaa na magaidi na majanga, na Baraza la kijiji chetu cha Mwangadi, lenye kiti kimoja tu kisichoyumba, likapata fungu lake. Sharti lilikuwa moja: zitumike kabla ya mwaka wa fedha kwisha, ama zirudi Nairobi. Na pesa kurudi Nairobi, jamani, hilo ndilo janga tulilolijua.

Fondo alizinusa akiwa Ukunda. Alikuwa tapeli mwenye suti moja na ulimi wa asali, mzaliwa wa Mombasa mjini, na siku hizo roho yake ilinasa kwenye gari, Pijo kuukuu iliyokuwa ikiuzwa Diani. Akiipata hiyo, aliapa, utapeli basi. Atakuwa mtu mwaminifu, dereva wa teksi.

Akatwaa pipa la mafuta, akalipaka rangi nyekundu, akalitia mkono wa kuzungusha. Ndani akafunga mivukuto ya mhunzi na pembe ya nyati aliyoinunua Samburu. Ukizungusha, pembe inalia. Akavaa suti, akaenda barazani.

"Shikamoo, mzee mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Na hiki nini?" aliuliza Mzee Mbwana.

"King'ora, mzee. Cha Ulaya. Gaidi akikisikia hurudi kwao, tena kwa nauli yake."

Wajumbe wakaguna kwa heshima. Mzee Mbwana akainama, akanong'ona, "Na chai ya mwenyekiti?"

"Imo ndani ya bei, mzee wangu. Na maandazi yake."

Bi Mwanarusi, mjumbe aliyeshika mfuko wa kamati ya dharura, na nje ya baraza muuza mchele na mbuzi, alilizunguka pipa, akachungulia tunduni, akatabasamu. Kisha akampa Fondo bahasha nene bila kubishana bei. Hapo tapeli mwenye akili angeshtuka. Fondo aliiona Pijo tu.

"Sasa kilize, baba," alisema Bi Mwanarusi. "Tusije tukaambiwa tumenunua pipa."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu zako zote. Gaidi hanong'onezwi."

Fondo akavua koti, akazungusha. Pembe ikalia, buuu, buuu, ikavuka mashamba mpaka Bongwe.

Mtoto wa mjini angejuaje? Kwetu pembe ya nyati ndiyo mbiu. Ikilia, mwenye jembe hulitupa, mwenye kunyonyesha huja ananyonyesha, aliye msalani humalizia njiani. Wakaja. Wakaja na mapanga, na ndoo za maji, na bibi mmoja na mwiko wake. Uwanja ukajaa hata kuku wakakosa pa kusimama.

"Kuna nini? Moto? Chui?"

"Hakuna kitu, ndugu zangu," alisema Fondo kwa bashasha. "Nilikuwa najaribu tu."

Mzee Mbwana akashika kichwa.

"Wajaribu mbiu?" aliuliza Kalama, mkulima mwenye panga refu kuliko wote.

"Bwana Fondo," Bi Mwanarusi alieleza kwa upole wa muuguzi mwenye sindano, "kwetu anayepiga mbiu pasi na jambo huwalisha wote walioitika. Asipowalisha, jambo linapatikana."

"Lakini si wewe uliyeniambia..."

"Mkono wangu umegusa pipa? Mbuzi ninao. Mchele ninao. Bei imepanda kidogo, kwa sababu ya dharura."

Fondo akaitazama barabara. Ilijaa watu waliokuwa bado wanafika. Akaitoa bahasha. Pijo ikaenda kipande kipande: magurudumu yakawa mchele, viti vikawa samli, injini ikalia mee mara ya mwisho, ikachinjwa.

Pilau ilipoiva, Mzee Mbwana alijipoza na paja la mbuzi, na huku mdomo umejaa akamwagiza karani aiarifu serikali kwamba king'ora kilijaribiwa, wananchi wote wakaitika, na hakuna aliyejeruhiwa. Na Mungu shahidi, kila neno lilikuwa kweli.

Fondo alikaa pembeni, koti begani, hamu hana. Bi Mwanarusi akamletea sahani, akaketi karibu naye, mkoba umevimba.

"Kula, mwanangu. Hivi, pipa lako labebeka?"

"Labebeka, Bi. Kwa nini?"

"Kinango nao wamepata fungu lao," alisema, akimwongezea mnofu. "Na mbuzi wa kule ni wa ndugu yangu."