Dhahabu ya Serikali Isichafuliwe

Wananchi wote mnajulishwa kwamba kuanzia Jumatatu, dhahabu ya serikali haitatumbukizwa tena katika maji machafu. Maji yoyote yatakayoletwa maabara kupimwa sharti yawe na barua inayothibitisha kwamba ni safi.

Waraka huo uliotiwa sahihi na Nzioka, Mkurugenzi wa Maji, ulijaa busara tupu. Alikuwa amezuru maabara akakuta ncha ya dhahabu ya kifaa cha kupimia imegeuka kijivu. Mali ya umma, mbele ya macho yake!

Kalekye, mpimaji pekee, alijaribu kumweleza. "Mkubwa, hiyo ndio kazi yake. Umeme inavuta madini ya risasi kutoka kwa maji, inashika juu ya dhahabu, safu nyembamba tu, kama masizi kwa sufuria. Tukigeuza umeme inatoka, na mashine inasema ilikuwa ngapi. Hii ni maji ya kisima ya Ikutha. Iko na sumu."

"Kumbe ni watu wa Ikutha wamechafua dhahabu," alisema Nzioka, akaunda kamati.

Kalekye alikasirika hadi chai ikamshinda. Mama yake, Syokau, alikunywa maji ya kisima hicho, yeye na shule nzima. Kisima hakingefungwa bila kipimo cha pili, kipimo hakingefanywa bila barua, na barua haikupatikana bila kipimo.

Siku kamati ilipokuja kukagua dhahabu, maji yenye barua yalikuwa ya aina moja tu: ya chupa, yaliyouzwa na Nzioka mwenyewe. Barua alijiandikia. Kalekye akamimina, akawasha umeme. Wanakamati walitazama huku wakinywa maji hayo hayo. Baada ya dakika kumi, dhahabu ikawa kijivu.

"Aiya!" Pasta Musyimi, mwenyekiti, aliweka glasi chini. "Nzioka, hizi chupa munajaza wapi?"

"Ikutha," alisema Nzioka. "Lakini tunachuja na kitambaa."

Mchana huo alirudi mbio na mtungi wa maji kutoka tangi la nyumbani kwake, lililojazwa kutoka kisima hicho hicho, jasho likimtiririka. "Kalekye, pima hii haraka. Watoto wangu wamekunywa hii maji miaka mbili."

Kalekye alimhurumia, kwa kweli. Lakini waraka ni waraka.

"Pole, mkubwa. Iko na barua ya usafi?"

Nzioka aliubandua waraka mlangoni kwa mikono yake mwenyewe, akaurarua.

"Sawa," alisema Kalekye, akauinua mtungi wa Syokau uliokuwa ukisubiri tangu Jumatatu. "Naanza na hii. Ukingoja, andika barua ya kufunga kisima."

Mkurugenzi akaketi kwenye benchi la wananchi, akaomba kalamu.