Ombi la Kuondoa Kurasa za Hesabu Kwenye Kitabu cha Kampuni ya Magodoro

Ndugu Mhasibu Mkuu,

Nakusalimu kwa jina la Mola. U mzima? Na macho yanaendeleaje na kazi yenu hiyo ya tarakimu ndogondogo? Mimi sijambo, ila roho imechafuka.

Mimi ni mshonaji, na nina hisa mia nne kwenu. Nilizinunua kwa akiba ya kununulia cherehani ya umeme, nilipoona kwenye kitabu chenu cha mwaka picha ya Mwenyekiti amekaa kitandani anatabasamu. Safari hii nikasema nisome na kurasa za hesabu, nijue kama niuze au nishike. Haya ndiyo yaliyonikuta:

1. Kitabu kimefika mwezi wa saba, kinasimulia mwaka uliokwisha zamani. Bei ya hisa ilishashuka. Ni sawa na kuniambia chakula kinaungua, nami nimeshaosha sufuria.

2. Mmeandika kuwa mitambo yenu inapungua thamani kila mwaka kwa uchakavu. Cherehani yangu ya miguu ina miaka ishirini na miwili. Kwa hesabu yenu ilishakufa, na jana imeshona sare kumi na moja.

3. Ukurasa wa kumi unasema nitazame maelezo ya 17. Ya 17 yananituma kwenye ya 23. Ya 23 yananirudisha ukurasa wa kumi. Chai ikapoa.

4. Tarakimu nyingine mmezitia kwenye mabano. Nikajua hiyo ni akiba mmeifungia isipotee, na kwa jinsi zilivyo nyingi, mimi na shemeji yangu kinyozi tulimshukuru Mungu.

Kwa hiyo naomba kurasa hizo mziondoe zote. Wekeni picha za wakurugenzi wamelala, tuone nani anapata usingizi. Na mkaguzi alale kiwandani siku saba, kisha aandike kama mgongo unamuuma. Hapo mwekezaji atajua la kufanya.

Wasalimie wote ofisini, na mlinzi wa getini aliyenipa kiti.

Wako katika imani,
Mama Mshonaji

Baada ya sahihi: Sijafunga bahasha, mume wangu akanieleza kuwa mabano ni hasara. Nikasoma upya, polepole. Chini kabisa ya maelezo ya 23 mmeandika kuwa mkopo wa benki unatakiwa kulipwa mwezi ujao na pesa hamna. Leo asubuhi nimeuza hisa zote, nikapata cherehani ya umeme ya mtumba. Aliyenunua ni shemeji. Nilimwonyesha mabano, nikamsihi, akasema tabasamu la Mwenyekiti linamtosha. Basi hesabu ziacheni, ondoeni picha. Shemeji anauliza kama na wewe unauza hisa zako. Naomba unijibu upesi.