Koo la Chumba cha Nne

Jumatatu, 25 Machi

Iandikwe kwamba leo, saa moja na nusu asubuhi, mbele ya bakuli la uji wa shayiri, mimi Orville Tuttle nimeijua sababu. Miaka mitatu mfululizo nimeshindwa mashindano ya shabaha ya Pasaka pale klabuni, na kosa si langu. Ni la silinda ya bastola!

Nimepitisha kichwa cha risasi kwa penseli katika vyumba vyote sita vya silinda, matundu ya kuwekea risasi. Vitano safi. Cha nne kina koo jembamba pale risasi inapotokea, kinang'ang'ania.

Nimemwambia mke wangu, Marlys, asinunue paja la nguruwe la Jumapili. Nitalileta mimi, zawadi ya mshindi. Wageni kumi na mmoja, wote ndugu zake. Akasema haya. Akasema haya upesi mno.

Jumanne, 26 Machi

Kwa Halvor, fundi bunduki. Anataka nimwachie silinda wiki mbili. Wiki mbili, na mashindano ni Jumamosi! Nikaazima kwake chombo cha kupanulia koo. Akanionya kwamba chuma si suruali, ukishakipunguza hakishonwi. Mzee ana maneno.

Jumatano, 27 Machi

Nimepanua. Nikapanua tena kidogo, kwa usalama. Sasa kichwa cha risasi kinadondoka chenyewe, kama jiwe kisimani.

Hakuna hasara. Mashindano ni risasi tano, vyumba ni sita. Cha nne nimekipaka rangi nyekundu ya kucha ya Marlys, nikijue nikiache kitupu. Marlys anauliza nani kamaliza chupa.

Alhamisi, 28 Machi

Halvor kaifunga bastola kwenye jiriwa ya mezani isitikisike, kaifyatua mara tano kwa vyumba vizuri. Matundu yote matano yanafunikwa na kifuniko kimoja cha galoni la maziwa! Nikamwuliza anaonaje. Akasema bastola haina neno, sasa tumfunge na mpigaji.

Wivu wa kikazi.

Jumamosi, 30 Machi

Verna Stadtler alikuwepo, mshindi wa miaka yote mitatu. Dereva mstaafu wa basi la shule, umri sabini na mbili, bastola ya marehemu mumewe, haijawahi kuonja tupa. Kaona silinda yangu, kauliza nimempaka nani rangi ya kucha.

Nikapakia risasi tano. Chumba chekundu, kitupu, nikakiweka kulia, ili kizunguke kije mwisho. Bastola yangu huzunguka kwenda kushoto. Ninayo miaka kumi na tisa.

Kwa hiyo kikaja kwanza. Ka! Hakuna mlio, hakuna moshi. Lakini mdomo wa bastola ulizama chini kama kuku anayedonoa, na macho yangu, naambiwa, nilikuwa nimeyafumba. Watu ishirini wameona.

"Orville mwanangu," Verna akasema, taratibu kabisa, "hapo hata risasi haikuwemo. Umeogopa nini?"

Halvor alicheka mpaka akatafuta kiti.

Risasi zangu tano zikafuata. Mbili ziligusa karatasi. Paja akabeba Verna.

Baadaye akanivuta pembeni. Akasema niende kwake kila Jumanne, anipakilie yeye, vyumba vingine vyenye risasi, vingine vitupu, nisijue kipi ni kipi. Mwezi mmoja tu, mkono utatulia na macho nitaacha kuyafumba. Ndivyo mumewe alivyomponya yeye. Nikamshukuru sana.

Siendi. Mimi si mgonjwa.

Jumapili, 31 Machi, Pasaka

Nimetafakari kanisani, mahubiri yote. Bastola inayoinama mbele yenyewe ina uzito mwingi mbele. Ni mtutu! Kesho naukata inchi moja. Msumeno ninao.

Wageni wote kumi na mmoja wamekula paja la nguruwe wakashiba, na shemeji kaongeza mara tatu. Lilitoka kwenye friji ya gereji. Nimeisoma tarehe ya kununuliwa kwenye lebo ya duka kabla haijatupwa.

18 Machi.